Chapa ya Ngamia Isiyokuwa Kwenye Kibodi

Ngamia wa Garissa ana nundu moja. Naanza hapo, vijana, kabla hata ya salamu, kwa sababu najua simu zenu zina ngamia wawili, mmoja wa nundu moja na mwingine wa nundu mbili, na najua huwa mnagusa yule aliye karibu na kidole. Acheni. Huyo wa nundu mbili ni wa nchi za baridi huko Asia, na mfugaji wa hapa ukimwonyesha atakuuliza anaugua nini. Sasa salamu: hamjambo? Mimi ni Kaluki, mzaliwa wa Mwingi. Nimestaafu kazi ya kuchapa na kuweka matangazo kwenye mtandao katika saiba moja mjini Garissa, kwenye njia ya kwenda soko la mifugo. Nilianza na taipureta nikamaliza na emoji. Katikati hapo nilinenepa kidogo.

Mwenye saiba alikuwa Hashim, mtu mrefu wa mwili na mfupi wa subira. Ndiye aliyenifundisha kila kitu, na kila kitu alinifundisha kwa kunung'unika. Alikuwa na ukurasa wa wavuti wa matangazo ya soko: nani anauza mbuzi, chanjo ni lini, mnyama wa nani amepotea. Siku aliyonikabidhi ukurasa huo aliniambia, "Kaluki, kwenye ukurasa si lazima uichore emoji. Unaiita kwa nambari yake. Kila moja ina nambari, kama wewe ulivyo na kitambulisho." Unaandika &, kisha #, kisha 128042, kisha nukta-mkato, na ngamia wetu anatokea akiwa na nundu yake moja na heshima zake. Ukiweka tatu mwishoni badala ya mbili, anaota nundu ya ziada. Mimi niliweka tatu. Tangazo likakaa asubuhi nzima kwenye skrini tuliyoielekeza barabarani, na wazee waliokuwa wakienda sokoni wakawa wanasimama kutazama.

"Wewe mama," mmoja akaniuliza, "hii nundu ya bili imetoka wabi?"

Nawaandikia maneno yao kama walivyoyasema. Huku p hulainika ikawa b, na hakuna anayeumia. Mwenzake alinijibia kwamba labda wameleta mbegu mpya kutoka nje, na kufikia adhuhuri alishakuja mtu kutaka kujua kama mbegu hiyo inavumilia kiu. Hashim alirekebisha tarakimu bila kunitazama.

Msidhani ni ngamia peke yake. Alikuja mfanyabiashara kutoka Elwak aliyekuwa na kondoo wa kuuza. Kondoo wa huku mnamjua: nywele fupi, kichwa cheusi, mkia wa mafuta. Kondoo wa kwenye simu amejaa manyoya mpaka machoni. Yule bwana alimwangalia sana. "Kondoo yangu haina sweta," akasema. Nikamtafutia mwingine, naye amevaa. Mwishowe tuliweka picha ya mbuzi, tukaandika chini yake kwa herufi kubwa KONDOO. Muuzaji aliridhika. Wateja ndio waliopiga simu wiki nzima.

Mnapenda kuniuliza emoji zinatafutwa vipi. Kwenye simu, usipekue kurasa zote kwa kidole kama mtu anayechambua mchele. Gusa kile kiuso kilicho kwenye kibodi, halafu andika neno la unachotaka katika sehemu ya kutafutia. Kwenye kompyuta nyingi, shika kitufe chenye picha ya dirisha, gusa nukta, kisha andika neno lako. Na zipo tovuti zilizoziorodhesha zote, unanakili unabandika. Ila ukiwa unatengeneza ukurasa, hakikisha juu kabisa umetaja kwamba maandishi yake ni ya UTF-8. Usipotaja, emoji uliyobandika huenda ikatokea kama herufi za kigeni zilizogongana barabarani, na mteja atadhani umemtukana.

Halafu kiasi. Emoji ni chumvi, na nyinyi mnapika chumvi mnanyunyiza chakula. Kulikuwa na mwenye duka wa Dagahaley aliyetaka tangazo lake la viatu lijae moto, kwa sababu vijana walimwambia bei zake ni moto. Nikampa moto mstari mzima. Alikuwa na mteja, mwalimu asiyeona, ambaye simu yake humsomea maandishi kwa sauti. Simu ikaanza: moto, moto, moto, moto. Kabla haijafika kwenye viatu, mwalimu alishawatuma majirani na ndoo. Maji yalifika mapema sana, na viatu vilioshwa vyote. Tangu siku hiyo, kabla sijaweka emoji hujiuliza itasikikaje kwa mtu anayesikiliza.

Lakini nimekaa kuandika haya kwa sababu ya Mzee Dubow.

Mzee Dubow alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache, na binti yake Fardosa alikuwa anaolewa. Kwao, pamoja na yote anayotoa mume, baba naye humpa bintiye mifugo ya kuanzia nyumba. Dubow alikuwa ameahidi, mbele ya wakwe na wazee, kwamba Fardosa ataondoka na Adey. Adey ni ngamia jike, mweupe kama jina lake linavyosema kwa Kisomali, na ukame ulikuwa umemwachia mzee wanyama wachache mno. Wa maziwa wa maana alikuwa huyo tu. Ikabaki wiki moja na kidogo kabla ya harusi, Adey akapotea malishoni upande wa Ijara.

Alikuja saiba akakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya bakora. Tulisalimiana. Akaulizia watu wa kwetu Mwingi, nikaulizia watu wa kwake, tukaumaliza ukoo mzima ndipo akasema.

"Eedo, ngamia ya Fardosa imebotea."

Eedo ni shangazi kwa Kisomali, kama aabo alivyo baba. Mzee alikuwa amenizidi miaka mingi, lakini mjini wote walishaniita hivyo, naye akafuata. Nilimwonea huruma, nasema wazi. Mtu aliyeahidi mbele ya wakwe halafu mkono ukawa mtupu, huyo hata chai haimshuki.

Nikaanza kuandika tangazo: jike, mweupe, amepotea. Dubow akatikisa kichwa. Weupe ni wengi, akasema. Mfugaji akimkuta ngamia porini hutazama chapa kwanza, ile alama iliyochomwa kwenye ngozi, ambayo wao huiita sumad. Kila jamaa ina yake. Wapo wasiosoma hata herufi moja, lakini chapa wanazisoma zote, kutoka mbali, na jua likiwa machoni. Yake ilikuwa duara lenye nukta katikati. Aliichora kwa kidole kwenye vumbi la kaunta yangu, na vumbi, kwa aibu yangu, lilikuwepo la kutosha.

"Weka hiyo," akasema.

Basi tukaanza kuwinda. Niliandika neno "duara" kwenye sehemu ya kutafutia. Ikaja donati.

"Hii ni andazi," akasema Dubow.

Ikaja sahani ya santuri. Akasema hiyo ni ya disko na yeye ni mtu mzima. Nikamletea shabaha, ile ya miviringo myekundu.

"Hii ni ya kufunza bunduki. Hatutaki maneno na bolisi."

Nikamletea lile jicho la bluu ambalo watu hulining'iniza kujikinga na husuda. Mzee alirudisha kiti nyuma.

"Astaghfirullah. Ondoa hiyo kabla haijaniona."

Hashim akanisukuma kando, akaacha emoji akaingia kwenye alama nyingine, zile za hesabu na za mambo mengine, ambazo nazo zina nambari zake. Huko ndiko aliikuta: duara safi na nukta katikati. Nilisoma jina lake pembeni. Ilikuwa alama ya jua, ya watu wanaotazama nyota na kutabiri. Hashim naye alisoma. Akakohoa. Akamgeuzia mzee skrini.

"Hiyo," akasema Dubow, na sauti yake ikabadilika. "Hiyo ni ya baba yangu."

Tukaiweka kwenye ukurasa, pamoja na ngamia wa nundu moja. Tarakimu ya mwisho niliikagua mpaka Hashim akachoka. Ilipendeza. Ndipo Hashim akasema ukurasa ni sawa kwa watu wa mjini, lakini walioko malishoni wana kabambe, zile simu ndogo za vitufe, kwa hiyo tuwatumie na meseji. Nikanakili, nikabandika, nikatuma kwa kila mfugaji tuliyekuwa na nambari yake. Kwenye skrini yangu meseji ilikuwa nzuri kama mwaliko wa harusi.

Sasa sikilizeni, hili ndilo la kushika. Simu ikikutana na alama isiyoijua, haisemi "sijui" kama mtu muungwana. Inachora kisanduku kitupu. Kwa hiyo kule porini, meseji yangu nzuri ilifika hivi:

Amepotea □ jike, mweupe, chapa □. Atakayemwona amlete kwa Dubow, soko la mifugo, Garissa.

Kwangu mimi na wewe, kisanduku ni kisanduku. Kwa mfugaji wa Ijara, kisanduku ni chapa ya Mzee Bare wa Kotile, na ya baba yake, na ya babu yake. Kile cha kwanza, kilichokaa mahali pa ngamia, watu walikichukulia kuwa ni msisitizo.

Huku ngamia aliyepotea hapuuzwi. Ukimwona unampeleka kwa mwenyewe au unapotajiwa, hata kama ni safari, kwa sababu kesho ni wako. Watu wema wakaanza kazi. Asubuhi ya pili akaletwa ngamia jike, mweupe, mwenye kisanduku ubavuni, anacheua kwa utulivu kabisa, mnyama ambaye hajawahi kupotea maishani mwake. Dubow, aliyekuwa akisubiri kwetu, alitoka mbio mlangoni. Akasimama.

"Mweube ndiyo," akasema. "Jike ndiyo. Yangu hapana."

Aliyemleta alikataa kumrudisha. Alisema ametimiza meseji. Kabla hatujaamua la kufanya wakaletwa wengine, wote wa Bare, na kila aliyewaleta alisubiri shukrani na chai. Tuliwafunga mbele ya saiba. Mmoja alikula bango letu lote la bei za kuchapa. Mwingine alipenyeza kichwa dirishani, akaitazama printa ikitoa karatasi kwa makini kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha. Wateja waliacha kuingia, wakawa wanapiga picha.

Dubow hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti chake cha plastiki, harusi inakaribia, Adey hayupo, na mbele yake wamesimama ngamia wa mtu mwingine.

"Mkwe atasikia nimekuwa mwizi," akaniambia polepole. "Atasema, huyu mzee aliahidi ngamia, sasa anachukua za watu."

Nami nilikuwa nikiwaza hilo hilo. Hashim ndiye aliyemwomba simu yake. Dubow naye alikuwa na kabambe, na meseji tulimtumia, ila hakuwahi kuifungua. Aliona kama kujisomea msiba wake mwenyewe. Hashim akaifungua. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko urefu wa meseji.

"Kaluki," akasema, "njoo uone ulichotuma."

Nilisema "tulichotuma." Tulikuwa bado tunasahihishana hilo wakati pikapu iliposimama nje, akashuka Mzee Bare. Alikuwa mzee mfupi, ndevu zimetiwa hina, kitambaa cha mistari begani. Aliwaangalia ngamia wake, wakamwangalia. Akaingia. Alitusalimia kirefu, kwa adabu zote. Akauliza habari za mvua, akauliza afya yangu, akauliza watoto wa Hashim kwa majina. Baada ya hapo ndipo akauliza mwizi ni nani.

"Simu yangu hailali. Watu ya Ijara yote wananibigia bole, ati ngamia zangu zimebotea. Nani amesema?"

Dubow akasimama aseme, lakini Hashim alimtangulia. Hashim akaziweka simu mbili juu ya kaunta, yake kubwa na kabambe ya Dubow. Akatuma alama moja kutoka huku kwenda kule. Kwenye kubwa, duara na nukta. Kwenye ndogo, kisanduku. Bare akainama mpaka ndevu zikagusa kioo.

"Hii mashine imejuaje chaba yangu?"

Hashim akamweleza kwamba simu ndogo isipoijua alama huchora kisanduku.

"Kila simu?"

"Nyingi za namna hii, Mzee."

"Za Garissa?"

"Hata za ng'ambo."

Bare alinyooka. Alikiweka sawa kitambaa chake begani. "Babu yangu hakuniambia," akasema, na nikaona hasira imempungua, mahali pake pamekaa kitu kama cheo.

Ndipo akatueleza. Baada ya simu za pole kuzidi, aliwaambia wanawe wapite katikati ya kundi lote, wawakague weupe mmoja mmoja, wajue nani hayupo. Wakamletea habari ambayo hakuielewa. Hawa waliofungwa nje kwetu ndio waliokosekana, hilo alilitegemea.

"Lakini kuna moja imezidi."

Dubow alisogea kwenye kaunta.

"Imezidi?"

"Jike. Mweube. Inakula na zangu, inalala na zangu, lakini mtu yangu akitaka kukamua inambiga teke. Haina sanduku."

Dubow aliiegemeza bakora ukutani. Alichora kwa kidole kwenye kaunta, duara, halafu nukta. Kaunta ilikuwa safi siku hiyo, hakuna kilichoonekana, lakini Bare alikuwa akifuata kidole, na akaitikia kwa kichwa.

Mzee Dubow aliketi, akajifunika uso kwa ncha ya shuka. Mimi nililia waziwazi, sina haya. Hashim alisema printa inamwita, ingawa printa ilikuwa imezimwa. Bare ndiye aliyetutuliza. Alituambia kama si meseji yetu mbaya, nani angejisumbua kukagua weupe wote kundini, na Adey angekaa kwake mpaka azae. Kisha akaomba tumchapie kile kisanduku kwenye karatasi, kikubwa, akitundike kwake.

Adey aliletwa kwa pikapu ile ile iliyowarudisha wenzake. Mimi nikaandika tangazo jipya, na hapa ndipo penye kazi yote niliyowahi kuijua: nikaandika kwa maneno, "chapa ya duara lenye nukta katikati, amepatikana," alama ikafuata nyuma tu kama pambo. Kabla ya kutuma nikaijaribu kwanza kwenye simu duni kuliko zote mle ndani. Fanyeni hivyo kila mara. Usiipime kazi yako kwenye simu yako. Ipime kwenye simu ya mtu asiye na kitu, ikimfikia huyo imewafikia wote. Na emoji ikibeba maana peke yake bila neno la kuishika mkono, jua umeshaanza kuwaletea watu ngamia wasio wao.

Fardosa aliolewa, akaondoka na Adey wake. Nilikwenda. Nilikula pilau na nyama ya ngamia, ambayo niliulizia mara kadhaa ni ya nani.

Haikupita miezi mingi, mkwe akamnunulia Mzee Dubow simu kubwa. Alikuja nayo saiba alasiri moja, ameifunga kwenye leso. Tukaulizana habari, tukamaliza. Akaisogeza kwangu.

"Eedo, nitafutie moja ya kutumia Fardosa."

"Ya nini, Mzee?"

Alifikiri. "Ya nyumba. Watu yote wako, lakini moja ametoka."

Nikaandika "nyumba." Ikaja nyumba yenye mti pembeni. Akasema mti huo hauko kwake. Ikaja nyingine, kuta zimebomoka na mbao zinaning'inia.

"Yangu haijaanguka."

Nikamwonyesha moyo uliopasuka, akasema hiyo ni ya vijana wanaoachana. Nikamwonyesha kiti kitupu. Hicho alikitazama sana, nikadhani tumepata, lakini akatikisa kichwa. Kwake hawakalii viti. Nilizipitia zote, vijana, mimi niliyekula mkate wangu kwa kuzijua.

"Haipo, Mzee."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Andika, asubuhi nimemimina chai yako tena, nimesahau."

Nikaandika hivyo hivyo, sikuweka kitu mbele wala nyuma, nikatuma. Alikuwa bado anaifunga simu kwenye leso ilipolia. Akanipa nimsomee.

"Usiimwage, Aabo. Nakuja."